Mtoto mwenye uoni hafifu na karatasi ya sataranji

Katika sataranji, mchezo ambao vijana wengi siku hizi huuita chesi, mtoto anaweza kuwa na akili ya kumshinda mpinzani na bado akashindwa na karatasi. Karatasi yenyewe ni ndogo, ina mistari iliyobanana, na kila mchezaji anatakiwa kuandika juu yake kila hatua anayocheza yeye na kila hatua anayocheza mwenzake, moja baada ya nyingine. Kwa mtoto anayeona vizuri ni kazi ya sekunde chache. Kwa mtoto mwenye ualbino, au mwenye uoni hafifu kwa sababu nyingine, ni kuinama mpaka pua ikaribie kugusa meza, kuandika, kuinua kichwa, kuutafuta tena ubao, na muda wote huo saa yake inakwenda.

Ukiwa Izigo, wilayani Muleba, jambo hili linaweza kuonekana la watu wa mbali. Barazani pale mchezo unaojulikana ni drafti ya vizibo vya soda, na bao kwa wazee. Lakini sataranji haingoji tena klabu wala mwalimu ili ifike kijijini. Inafika kwa simu. Mtoto anashika simu ya mjomba jioni moja, anafungua programu ya bure, na baada ya wiki mbili anawafunga watu wa nyumba nzima. Wapo pia watoto wanaoufahamu mchezo huu kupitia kisa cha Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, ambaye filamu ya mwaka 2016 ilimfanya ajulikane dunia nzima. Kutoka Bukoba, Kampala si mbali. Ni kuvuka Mutukula na kuendelea.

Kagera ina watoto ambao suala la karatasi linawahusu moja kwa moja. Shule ya Msingi Mugeza Mseto, mjini Bukoba, imekuwa ikipokea watoto wasioona, wenye uoni hafifu na wenye ualbino, wakisoma pamoja na wenzao. Mchezo unaochezwa mezani, bila jua la saa saba, bila kukimbia na bila mpira unaokuja kasi usoni, ungewafaa sana watoto wa aina hiyo. Ugumu uko kwenye kuandika.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kurukwa linapozungumzwa suala la mtoto mwenye ualbino katika wilaya hii. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kutoka nyumbani kwao Kamachumu, na Juni mwili wake ukapatikana. Mzazi wa Izigo anayesita kumpandisha mwanawe gari kwenda mashindanoni Bukoba, kwa ajili ya mchezo tu, hahitaji kuelezwa kwamba ana hofu ya bure. Hofu yake ina sababu. Ndiyo maana mzazi wa namna hiyo akishakubali, akatafuta nauli, akamfunga mtoto kofia na kumvisha mikono mirefu, akafuatana naye mpaka ukumbini, ni vibaya sana safari ikaishia mlangoni kwa sababu ya kifaa ambacho hakuna aliyemwambia kuwa hakiruhusiwi.

Maana hivyo ndivyo inavyoweza kutokea. Mama amefikiria vizuri: mwanangu haoni mistari ya karatasi, basi atakuwa anaitamka kila hatua polepole na simu itarekodi sauti. Anafika mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Simu hii ni ya kurekodia tu, haina hata vocha."

"Marahaba mama. Simu haiingii humu."

"Huyu mtoto haoni vizuri, mwalimu."

"Ninaelewa mama, lakini simu haiingii."

Mwamuzi huyo hana roho mbaya. Kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinakataza mchezaji kuwa na kifaa chochote cha kielektroniki ukumbini ambacho mwamuzi hajakiidhinisha. Waandaaji wanaweza kuruhusu simu ibaki kwenye begi, ikiwa imezimwa kabisa na begi limewekwa pale walipokubaliana na mwamuzi. Ikibainika kwamba mchezaji anayo mwilini, anapoteza mchezo. Hakuna kuonywa kwanza, hakuna kujitetea kwamba haikuwa na salio.

Ukali huo una historia. Septemba 2010, kwenye Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Khanty-Mansiysk, Urusi, Phiona Mutesi alikuwa akiichezea Uganda. Katika mashindano hayohayo timu ya Ufaransa ilikuwa na mpango mwingine. Mtu aliyebaki nyumbani Ufaransa alikuwa akifuatilia mchezo, anauliza kompyuta hatua bora, kisha anatuma ujumbe mfupi wa simu kwa kocha aliyekuwa ukumbini. Kocha huyo alikuwa akisimama nyuma ya meza fulani, na meza aliyosimama ndiyo iliyomwambia mchezaji wake ahamishe kete kwenda wapi. Watu watatu walifungiwa. Miaka mitano baadaye, mwezi Aprili 2015, bingwa wa Georgia, Gaioz Nigalidze, alikutwa Dubai akiwa ameficha simu chooni, imeviringishwa kwa karatasi za chooni. Alifungiwa miaka mitatu na kunyang'anywa hadhi ya bingwa mkuu. Mwaka 2019, Strasbourg, ikawa zamu ya Igors Rausis, mwanamume wa miaka 58. Naye chooni, naye simu.

Programu ya sataranji iliyo kwenye simu ya bei ya chini leo inacheza vizuri kuliko binadamu yeyote aliye hai. Hilo peke yake linatosha kumfanya mwamuzi asiangalie sura ya mama wala ya mtoto. (Udanganyifu hauhitaji umeme kila mara, bila shaka. Kenya, mwaka 2023, kijana wa kiume wa miaka 25 aliingia mashindano ya wanawake jijini Nairobi akiwa amejifunika buibui na kuvaa miwani, akawafunga wachezaji wazito kabla ya kugundulika. Moja ya mambo yaliyowatia watu shaka ni kwamba hakuwa akiongea na mtu.)

Sasa, kanuni hizohizo zinazokataza simu zinaruhusu kifaa kimoja cha kuandikia. Mchezaji anatakiwa kuandika hatua zake kwenye karatasi au kwenye karatasi ya kielektroniki iliyoidhinishwa na FIDE. Karatasi hiyo ya kielektroniki ni kidude kinachoshikika mkononi, chenye picha ya ubao kwenye kioo. Mchezaji anagusa kete ilipotoka na inapokwenda, na kifaa kinaandika hatua chenyewe. Kilichojulikana zaidi kilitoka kampuni ya MonRoi ya Kanada, katikati ya miaka ya 2000. Tofauti yake na simu ni kwamba kifaa cha namna hii kimefungwa: hakina programu ya kucheza, hakipigi, hakipokei ujumbe, na mwamuzi anaweza kukiangalia wakati wowote.

Kuingia kwa vifaa hivyo kulibadilisha tabia moja ya zamani. Zamani wachezaji wengi walifundishwa kuandika kwanza hatua wanayofikiria, kuitazama tena kwa macho mapya, ndipo wacheze. Mwaka 2005 kanuni ikabadilika: ni marufuku kuandika kabla ya kucheza, isipokuwa anayedai sare. Sababu inaeleweka. Mwenye kifaa akigusa hatua kabla hajaicheza, anaiona picha ya ubao utakavyokuwa, na hapo kifaa kimemsaidia kufikiri. Mtoto aliyefundishwa na babu anayekumbuka mtindo wa zamani aambiwe mapema.

Kwa mtoto mwenye uoni hafifu kifaa cha aina hii kina faida ya wazi: hakuna mistari ya kutafuta, na mwandiko hauwezi kumsaliti. Lakini kinauzwa mamia ya dola za Marekani, kinahitaji chaji, na kioo chake kidogo chenye kung'aa kinaweza kumsumbua mtoto ambaye macho yake hayapendi mwanga mkali. Familia ya Izigo inayouza kahawa mara moja kwa mwaka isianzie hapo. Ipo njia ya bei nafuu, nayo imo ndani ya kanuni hizohizo, ila haisemwi.

Kanuni inasema kwamba mchezaji asiyeweza kuandika anaweza kuleta msaidizi wa kumwandikia, mradi mwamuzi amkubali. Mwamuzi naye hurekebisha saa ya mchezaji huyo kwa haki, kwa kuwa wenzake wanatumia sehemu ya muda wao kuandika, lakini marekebisho hayo hayamhusu mchezaji mwenye ulemavu. Basi. Mtu wa kuandika, kalamu na karatasi. Kanuni haisemi ni lazima mchezaji awe kipofu. Inasema asiyeweza kuandika, kwa hiyo inamhusu pia mtoto ambaye mkono wake ulipata kovu la moto na vidole havikunjuki, au mwenye mtindio wa ubongo anayejua kabisa anachotaka kucheza lakini kalamu inamponyoka.

Kwa wasioona na wenye uoni hafifu kuna mwongozo wao maalumu, na unafurahisha kuusoma. Mchezaji ana haki ya kutumia ubao wake mwenyewe wenye matundu, ambao miraba myeusi imeinuliwa kidogo na kete nyeusi zina alama ya kuzitofautisha kwa kugusa. Kwa kuwa anatazama kwa vidole, kugusa kete si kosa kwake; kete inahesabika imeguswa pale tu inapochomolewa kwenye tundu lake. Kila hatua inatamkwa kwa sauti, na mpinzani anairudia kabla ya kuicheza kwenye ubao wake. Ili b isisikike kama d, safu nane za ubao zina majina ya watu: Anna, Bella, Cesar, David, Eva, Felix, Gustav, Hector. Na kuhusu kuweka kumbukumbu, mchezaji huyu anaweza kuandika kwa nukta nundu, kwa kalamu, au kurekodi kwa mashine ya kurekodia sauti.

Kumbe wazo la yule mama halikuwa baya hata kidogo! Kosa lilikuwa kuleta simu, na kuileta bila taarifa. Kirekodi cha kawaida kisicho na intaneti, kilichoonyeshwa kwa mwamuzi kabla ya siku ya mashindano, kingeweza kujadiliwa. Wasioona wamekuwa na Olimpiadi yao ya sataranji tangu mwaka 1961, ilipofanyika Meschede, Ujerumani, kabla simu za mkononi hazijaenea. Na mwaka 2023 FIDE ilifanya Olimpiadi ya kwanza ya watu wenye ulemavu mjini Belgrade, Serbia, ambako wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo walicheza chini ya paa moja.

Kwa nini basi watu wasiache tu kuandika? Kwa sababu karatasi ndiyo shahidi. Mchezaji akidai kwamba hali ileile ya ubao imejirudia mara tatu, jambo linalompa sare, mwamuzi hatamwamini kwa maneno, atafungua karatasi. Ni vivyo hivyo zikipita hatua 50 bila askari kusogezwa wala kete kuliwa. Mtoto aliyeandika c badala ya e, au g iliyofanana na 6, anaweza kunyimwa sare aliyoitolea jasho saa tatu. Hata wakubwa kabisa, wanaochezea ubao wa kielektroniki unaotambua kete wenyewe na kurusha mchezo duniani kote papo hapo, bado wanaandika kwa kalamu. Desemba 2021 huko Dubai, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi walicheza mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia kwa hatua 136, karibu saa nane. Kila mmoja alitakiwa kuandika hatua zake na za mwenzake.

Kuna nafuu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Sharti la kuandika ni la michezo ya muda mrefu. Katika michezo ya haraka, ambayo kila mchezaji anapewa muda usiofika saa moja, hakuna anayelazimika kuandika. Mashindano ya shule yanayoanza asubuhi na kumalizika jioni yanaangukia hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kuanza mwaka huu bila kuandika neno, akazoea ukumbi na kelele na saa, huku nyumbani akijifunza kuandika taratibu. Na hata kwenye michezo mirefu, aliyebakiwa na chini ya dakika tano, kama saa haimwongezei angalau sekunde 30 kwa kila hatua, anaruhusiwa kuacha.

Kujifunza kuandika hatua si kugumu, na kunaweza kufanyika kwa Kiswahili. Kanuni inamruhusu mchezaji kutumia herufi ya jina la kete kwa lugha yake. F kwa farasi, N kwa ngome, A kwa askofu. Askari hana herufi, huandikwa mraba anaokwenda tu. Shida ni nyumba ya mfalme: yeye na malkia wote ni M, itabidi mmoja awe Mf na mwingine Ml. Waingereza wasicheke, kwani mfalme wao na farasi wao wanaanza na herufi moja vilevile, na farasi ndiye aliyenyang'anywa.

Karatasi yenyewe itengenezwe nyumbani. Daftari la kawaida, mistari mikubwa iliyochorwa kwa rula, namba za hatua zilizokolezwa, na kalamu nyeusi ya wino mzito badala ya bluu inayofifia. Mwamuzi akionyeshwa mapema, ni vigumu kufikiria sababu ya kukataa karatasi iliyo kubwa kuliko nyingine, maana kanuni inachotaka ni maandishi yanayosomeka na karatasi inayoonekana na mwamuzi muda wote wa mchezo.

Macho ya mtoto mwenye ualbino yana mambo matatu yanayokutana mezani hapo. Sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukua kikamilifu, kwa hiyo miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Macho huchezacheza yenyewe, na huzidi mtoto akichoka au akiwa na wasiwasi, yaani hasa kwenye mashindano. Tena mwanga mkali humuumiza. Akae akiwa ameipa mgongo dirisha. Akihitaji kofia yenye ukingo au miwani ya kiza ndani ya ukumbi, mwamuzi aelezwe kabla, ili asije akadhani kuna kilichofichwa. Kioo cha kukuzia kiwe mezani, wazi.

Bibi au shangazi atakayemwona mtoto ameinamia karatasi atamfokea kwamba anayaua macho. Hayaui. Mtoto mwenye uoni hafifu kusogelea maandishi ni njia yake ya kuyakuza, na haimwongezei ugonjwa. Kinachoumia ni shingo na mgongo. Kiegemeo kilichoinuka, hata ubao mdogo uliowekwa juu ya vitabu viwili, kinamletea karatasi usoni badala ya yeye kuifuata.

Mzazi asidanganywe pia kwamba sataranji itampandishia mtoto alama za hesabu. Uingereza ilijaribu katika shule za msingi 100, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha watoto waliofundishwa sataranji kuwazidi wenzao mwaka mmoja baadaye. Mtoto ambaye kwenye mpira huwekwa pembeni na kwenye mbio huchekwa anapata mahali pa kukaa uso kwa uso na mwenzake, masharti yakiwa sawa. Hiyo ni sababu ya kutosha, na haihitaji kupambwa na hesabu.

Maandalizi yaanze wiki moja au mbili kabla. Mwalimu wa mtoto au mzazi awapigie waandaaji, aulize mchezo utachukua muda gani kwa kila mchezaji, kwani jibu hilo ndilo linaloamua kama kuandika kunahitajika. Kama kunahitajika, aseme mtoto anaonaje, na ataje msaidizi atakuwa nani. Barua fupi kutoka kliniki ya macho, kama ile ya hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, itapunguza maneno mlangoni. Msaidizi awe mtu anayejua majina ya miraba lakini asiyejua kucheza vizuri: dada aliyefundishwa jioni tatu anafaa kuliko kaka bingwa, ambaye uso wake utasema kitu kila mtoto anapokosea, na mpinzani ana haki ya kulalamika.

Simu ibaki na mama, nje, imezimwa. Kazi yake itakuja usiku nyumbani, ambapo karatasi iliyoandikwa na dada inapigwa picha, hatua zinaingizwa kwenye programu, kioo kinakuzwa mpaka kete moja inajaa kiganja, na mtoto anarudi polepole hadi kwenye hatua ya 23, pale farasi alipopotea.